Mto, Wadudu, na Kinu cha Bibi

Sisi watu wa Makambako tukisikia neno kuvua, mara moja twafikiri ndoana, nyungunyungu na kambale. Kwetu ndiko barabara ya Songea inakoachana na ile barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, na reli ya TAZARA hupita hapo hapo. Ni nchi ya upepo na vumbi, na vijito vyake huenda polepole. Kiangazi kikizidi, vingine hubaki madimbwi tu, maji yakiwa vuguvugu na rangi ya udongo. Nilipokuwa mdogo nilivua humo kambale wengi, nami nilijiona fundi.

Nilipochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza hapa Njombe, Mama alinipeleka kukaa kwa Babu, yaani baba yake mzazi, ambaye nyumba yake iko karibu na kijito kimoja kinachoingia katika mto Ruhuji. Jina la kijito hicho sitalitaja, na sababu yake itaonekana huko mbele. Safari ya kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60 tu, lakini mtu hushuka katika basi akidhani amefika nchi nyingine. Njombe iko juu zaidi, miti ya miwati na misindano imejaa vilimani, na katika mwezi wa Juni na wa Julai baridi humfanya mgeni alale na sweta.

Siku ya pili nilichukua kopo la nyungunyungu nikaenda mtoni. Nilikaa tangu asubuhi hata saa nane, nisipate kitu. Babu alikuja taratibu na fimbo yake, nikamwamkia, "Shikamoo, Babu." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Je, umewauliza samaki wanataka kula nini leo?" Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Kumbe hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza.

Samaki wa kijito kile ni trauti. Yeye si mwenyeji wa Afrika ya Mashariki. Mnamo mwaka 1905 mayai ya trauti yaliletwa Kenya kutoka Scotland, na baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza, samaki hao walitiwa katika mito ya baridi ya Tanganyika pia, na nyanda zetu za juu za kusini zikapata sehemu yao. Kuna trauti wa kahawia, ambaye asili yake ni Ulaya, na kuna yule wa upinde wa mvua, mwenye mstari mwekundu ubavuni, ambaye asili yake ni pande za magharibi za Amerika ya Kaskazini. Wote wawili hawawezi kuishi katika madimbwi ya kwetu Makambako. Trauti hutaka maji yasiyofika joto la nyuzi 20 za Sentigredi kwa muda mrefu, tena yanayokwenda kasi juu ya mawe. Maji baridi hushika hewa ya oksijeni nyingi kuliko maji ya moto, na maji yanayopiga mawe huichukua hewa hiyo kwa wingi. Kambale anaweza kupumua hewa ya juu dimbwi likichafuka. Trauti hana uwezo huo.

Babu alijifunza uvuvi huu katika miaka ya 1950, alipokuwa kijana akimchukulia kapu mzungu mmoja wa mashambani. Mzungu yule alipoondoka alimwachia kisanduku cha bati chenye ndoana ndogo sana, nazo zimefungwa uzi na manyoya hata zikafanana na wadudu. Zile za zamani zimekwisha siku nyingi. Babu hutengeneza nyingine kwa manyoya ya shingo ya jogoo na nyuzi za sweta kuukuu, na ufito wake ni wa mwanzi. Nilipomwambia kuwa uzungu huu ni wa ajabu, alinijibu kwamba kila mtu mwenye njaa ni mwenye akili. Baadaye nilisoma kwamba mwandishi mmoja wa Roma, jina lake Aelianus, yapata miaka 1,800 iliyopita, aliandika habari za watu wa Makedonia waliovua kwa ndoana iliyofungwa sufu nyekundu na manyoya ya jogoo. Basi hata huo uzungu una babu zake.

Somo la pili lilikuwa la wadudu. Babu aliniambia niingie majini, niinue jiwe, nilitazame upande wa chini. Nilishangaa. Jiwe moja lilikuwa kama kijiji. Palikuwa na vidudu bapa vyenye mikia mitatu, vikikimbia kama kaa kukwepa mwanga. Palikuwa na vingine vilivyojijengea nyumba za mchanga na vijiti, vikazigandisha katika jiwe. Na palipokuwa na maji ya kasi kabisa, mabuu ya usubi yalisimama kwa safu, yameshika jiwe kwa mkia.

Wale wenye mikia wataalamu huwaweka katika kundi la Efemeroptera, jina la Kiyunani lenye maana ya mabawa ya siku moja. Mdudu huyu hukaa majini majuma mengi, pengine miezi, akila ukoga wa mawe. Hata wakati wake ukifika, huelea juu ya maji, ngozi ya mgongo hupasuka, naye hutoka na mabawa. Kisha hufanya jambo ambalo hakuna wadudu wengine wanaolifanya: akiwa tayari na mabawa, hujivua ngozi mara nyingine tena. Akisha kuwa mzima kabisa, hali chakula, kwani kinywa chake hakifai kwa kula. Huruka na wenzake, hutaga mayai majini, akafa.

Saa ile ya kupanda juu ya maji ndiyo saa ya hatari kwake na ya neema kwa trauti. Samaki huacha kujificha, hupanga mstari penye mkondo, na kila mdudu apitaye humezwa. Mvuvi mwenye ndoana inayofanana na mdudu wa saa ile atapata. Mwenye ndoana nzuri kuliko zote, lakini isiyofanana, atarudi na kapu tupu, kama mimi na kopo langu.

Katika nchi za Ulaya wavuvi huhesabu miezi, maana huko wadudu wengi husubiri majira ya kuchipua majani. Hapa petu jua halibadiliki sana, na wadudu hutoka karibu miezi yote. Babu hutazama mambo mawili: saa na maji. Saa iliyo njema ni ile ya magharibi, jua likiisha kuzama na ndege wa mchana wamenyamaza. Mahali pengine hata mwezi wahesabiwa. Katika Ziwa Viktoria yuko mdudu wa kundi hilo hilo ambaye hutoka kwa wingi siku chache tu baada ya mwezi mpevu, na jambo hilo lilitangazwa na mtaalamu mmoja mwaka 1955. Na ndugu zetu wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanajua kungu, wale wadudu wadogo wanaopaa juu ya ziwa kama moshi wa moto wa nyika, ambao watu huwakamata na kuwafanya mikate.

Ama kwa habari ya maji, Babu amechimbia nguzo ukingoni na kuikata alama kumi. Alinipa daftari niandike alama ya maji kila Jumamosi, na kuinua mawe kumi na kuhesabu wadudu. Naye alinieleza hali nne za mto.

Ya kwanza ni maji ya kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Maji ni machache na meupe kama kioo. Trauti huona kivuli cha mtu tangu mbali. Sharti uvue kwa kupiga magoti, kwa ndoana ndogo, nyakati za jioni tu.

Ya pili ni maji yanayopanda, mvua zianzapo mwezi wa Novemba au Desemba. Maji hugeuka mekundu, nayo huleta majani na magogo. Wakati huo mvuvi mwenye akili hukaa jikoni. Wadudu wengi hung'olewa mawe yao, nao samaki husogea pembeni chini ya nyasi ili wasichukuliwe.

Ya tatu ni mafuriko makubwa. Haya hubingirisha mawe yenyewe, na vijiji vyote vya chini ya mawe huharibika. Mto ukipungua baada ya hayo, hudhani una afya, kumbe chakula hakuna, na itapita majuma kadhaa kabla ya kurudi.

Ya nne ni maji yanayoshuka. Mvua imepita siku mbili au tatu, na mto una rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Samaki waona, lakini hawamwoni mtu vizuri. Wana njaa, tena maji yamepoa, na wadudu walioahirisha kutoka wanatoka sasa. Babu husema kwamba siku hiyo hata mjinga hula samaki.

Basi kwa miezi mitatu nilikuwa mwanafunzi mwema, na daftari langu lilijaa. Sasa nitaeleza niliyoyafanya mwezi wa Oktoba mwaka jana, ambayo si ya sifa.

Viatu vyangu vya shule vilikuwa vimekatika nyayo. Nilimpigia Mama simu, naye aliniambia biashara ya stendi ni mbaya, nivumilie mpaka mwisho wa mwezi. Niliona haya kusimama mstarini asubuhi. Wenzangu wawili wa darasani walinishauri kwamba kijitoni kwa Babu kuna fedha zinazoogelea. Walikuwa na majani ya utupa. Jumamosi moja, Babu na Bibi walipokwenda msibani kijiji cha pili, tuliyatwanga majani yale katika kinu cha Bibi, tukayatia mtoni juu ya lile shimo refu ambalo Babu hulipenda kuliko yote.

Mtoni kulikuwa na maji machache, kwa hiyo sumu haikupata wa kuipunguza. Haikupita muda, samaki walianza kupanda juu wakitafuta pumzi, wakageuka matumbo. Tulikusanya ishirini na watatu. Wakubwa walikuwa saba. Wengine walikuwa wadogo kama kidole, nao tuliwatupa majanini. Wale wakubwa na wa kadiri tuliwauza barabarani kwa wasafiri. Jumatatu nilikwenda shule na viatu vipya.

Jioni ya Jumapili ile Babu alichukua ufito wake, akaniita. Tulikaa kando ya shimo mpaka giza likaingia. Hakuna mdudu aliyepanda. Hakuna samaki aliyeruka. Popo walikuja kama desturi yao, wakazunguka mara mbili tatu juu ya maji, wakaondoka. Babu aliwasha tochi, akaingia majini kwa miguu yake ya miaka zaidi ya themanini, akainua jiwe. Akainua la pili na la tatu. Vidudu vilikuwapo, lakini vyote vimelegea na kufa, vikisukumwa na maji kama makapi. Utupa una sumu iitwayo rotenoni, nayo huuzuia mwili usiweze kuitumia oksijeni. Haichagui. Kila kiumbe kipumuacho ndani ya maji hupatwa.

Babu aliuliza kwa sauti ndogo, "Nani ameupa mto sumu?"

Nilinyamaza. Alinitazama usoni, kisha akatazama chini, tukarudi nyumbani bila kusema neno.

Kesho yake kinu cha Bibi hakikuwapo jikoni. Bibi alitwanga kwa jirani siku ile, na siku zilizofuata. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami sikuuliza.

Niliendelea kuandika daftari, maana kuacha kungekuwa kama kukiri. Jumamosi ya kwanza baada ya tendo letu: mawe kumi, hakuna mdudu. Ya pili: mawe kumi, hakuna. Katika kurasa za Agosti nilikuwa nimeandika mpaka wadudu arobaini katika jiwe moja. Nilipozilinganisha kurasa hizo mbili, nilijiona kama mtu anayesoma hukumu yake iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi ya nne niliona mabuu machache ya usubi, na kidudu kimoja chenye mikia. Nilikimbia nyumbani kumwambia Babu. Alifurahi, akanieleza kwamba wadudu wa juu ya mto, ambako sumu haikufika, huachia mawe yao usiku na kuchukuliwa na mkondo mpaka mahali papya. Tena wale wenye mabawa huruka na kutaga mayai mahali palipo wazi. "Mto hujitibu," alisema, "mradi juu yake pamebaki pazima. Wangelitia sumu huko kwenye chemchemi, tungelisubiri sana."

Aliposema "wangelitia", badala ya kunitaja, nilishindwa kuvumilia. Nilipiga magoti nikamwambia yote: utupa, wenzangu, samaki ishirini na watatu, na viatu. Nilimwambia pia kwamba tulitumia kinu cha Bibi.

Babu alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Kinu nilikizika usiku ule ule. Nilikinusa kabla sijakwenda mtoni nawe. Siwezi kumwacha mke wangu atwange chakula ndani ya sumu."

Nikamwuliza, "Babu, kama ulijua, mbona uliniuliza pale mtoni?"

Akanijibu, "Nilikupa nafasi. Samaki naye humwonyesha mvuvi nafasi yake mara moja tu, lakini mimi si samaki. Nimekusubiri majuma manne."

Hakunipiga. Ningalipenda anipige yakaisha. Aliniamuru mambo mawili: nimpatie Bibi kinu kipya kwa jasho langu, na niendelee na daftari mpaka wadudu wa mawe kumi warudi kama walivyokuwa. Katika likizo ya Desemba sikukaa sana Makambako. Nilirudi nikapalilia viazi vya watu kwa kibarua. Nilipomweleza Mama sababu, alilia kidogo, akasema alikuwa amekwisha nunua viatu vya mtumba ili aniletee mwisho wa ule mwezi wa Oktoba. Viatu hivyo ninavyo mpaka leo, navyo ndivyo ninavyovaa.

Mvua zilikuja, na mto ulifika alama ya tisa. Nilihofu kwamba mafuriko yatamaliza hao wachache waliorudi. Wengi walikwenda kweli, lakini kila maji yaliposhuka, wengine walikuja. Kufikia Machi niliona tena nyumba zile za mchanga. Siku moja mwezi wa Aprili, mto ukiwa rangi ya chai na alama ikiwa ya tano, tulikaa na Babu penye lile shimo saa ya magharibi. Kwanza alipanda mdudu mmoja, kisha kumi, kisha hewa yote juu ya maji ikawa na mabawa. Popo walikuja wakakaa. Na katika mkondo, karibu na jiwe kubwa, pua ndogo ilitokeza, ikanyonya mdudu, ikazama.

Babu alinipa ufito. Mikono ilinitetemeka. Mara mbili nilikosa, mara ya tatu mshipi ukakaza. Alikuwa trauti mdogo, asiyezidi urefu wa kiganja changu, mwenye mstari mwekundu ubavuni. Nililowesha mkono ili nisimwumize ngozi, nikamtoa ndoana, nikamshika akielekea mkondo mpaka alipopata nguvu. Akaenda zake. Babu alisema, "Vyema," basi.

Wasomaji, daftari langu sasa liko katika maabara ya shule, na mwalimu wetu wa Biolojia ameruhusu wanafunzi wa Kidato cha Pili waliendeleze. Wale wenzangu wawili nao huja Jumamosi, mmoja huinua mawe na mwingine huandika. Ninyi mnaokaa karibu na mto wowote, uwe Ruhuji wenyewe au kijito kisicho na jina, nawaomba mwinue jiwe moja na kutazama. Mkikuta kijiji kizima chini yake, rudisheni jiwe kama lilivyokuwa. Mkikuta hakuna kitu, ulizeni ni nani aliyepita hapo juu. Na mtu akiwashawishi kutia utupa au sumu nyingine yoyote, mkumbuke kwamba Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza. Tena, kabla ya sheria, mkumbuke kwamba maji ya Ruhuji hayaishii Njombe. Huteremka Kilombero, yakaingia Rufiji, yakafika bahari ya Hindi, na njia nzima kuna watu wanaochota.

Kinu kipya cha Bibi ni cha mti mzuri. Yeye husema ni kizito kuliko kile cha zamani, nami ndiye ninayekibeba.